Mlima na Nyika: Jiografia, Uchumi na Swali la Umaskini katika Usambara

Ukisimama kwenye ukingo wa jabali la Irente, kilomita chache kutoka mjini Lushoto, nyuma yako kuna baridi, migomba na vishamba vya maharage vilivyoning'inia mteremkoni. Mbele yako hakuna kitu. Ardhi imekatika ghafla, na karibu mita 1,000 chini ya miguu yako imelala nyika ya Mazinde: tambarare kavu yenye mistari ya mkonge iliyonyooka kama iliyopigwa kwa rula, reli ya Tanga, na barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Malori yanaonekana madogo kama siafu. Mtu wa Irente huyaona yote hayo kila asubuhi, lakini ili ayafikie inambidi kwanza arudi nyuma hadi Lushoto, ateremke kwa makona ya Soni na kutokea Mombo.

Kwa muda mrefu wataalamu wameutazama mlima huu wakiipa nyika hiyo mgongo. Tangu enzi ya Waingereza maelezo ya umaskini wa Usambara yamekuwa yaleyale: watu ni wengi, ardhi ni haba, mteremko ni mkali, udongo unamomonyoka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 katika Wilaya ya Lushoto, na yeyote aliyepita kati ya Soni na Bumbuli ameona mahindi yaliyopandwa mahali ambapo hata mbuzi angesita kusimama. Hesabu hizo ni za kweli, na mmomonyoko ni wa kweli. Kosa liko katika kuuhesabu mlima kana kwamba ni kisiwa. Makala hii inadai kwamba uchumi wa Usambara ulijengwa juu ya uhusiano wa mlima na nyika. Kwamba uhusiano huo ulivunjwa na utawala wa kikoloni kati ya miaka ya 1890 na 1950. Na kwamba sera nyingi zilizofuata zimehangaika na mteremko uliobaki, huku kile kilichokatwa kikiachwa bila kuguswa.

Udongo, mvua na vitivo

Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita nchini Kenya na kupita Upare, Nguu, Ukaguru na Uluguru hadi Udzungwa. Ni milima mikongwe ya miamba ya metamofiki iliyoinuliwa na mipasuko ya ukoko wa dunia. Haikutokana na volkano. Tofauti hiyo, ambayo mgeni huenda asiione kabisa, kwa mkulima ni kubwa mno. Mchaga wa Kilimanjaro analima juu ya udongo wa volkano wenye madini tele. Msambaa, hasa wa upande wa mashariki, analima juu ya udongo mwekundu uliosuuzwa na mvua kwa mamilioni ya miaka, ambao rutuba yake imo zaidi katika miti na majani yanayooza juu yake kuliko ndani ya udongo wenyewe. Ukiufyeka msitu, umeichukua mbolea yako yote kwa mkupuo mmoja.

Wajerumani walijifunza jambo hili kwa hasara. Mwaka 1891 walifungua shamba la kahawa Derema, katika Usambara Mashariki, wakiamini kwamba msitu mnene namna ile hauwezi kusimama ila juu ya ardhi iliyonona. Mashamba mengine yakafuata. Miche ilianza vizuri, kisha ikadhoofika kadiri rutuba ya msitu uliofyekwa ilivyokwisha, na bei ya kahawa duniani nayo ikaanguka kwa sababu ya mavuno ya Brazili. Kahawa ikashindwa. Jina la Derema tutalikuta tena huko mbele, na safari hiyo mwenye kupata hasara hatakuwa Mjerumani.

Bonde la Lwengera limeigawa milima hii mafungu mawili. Usambara Mashariki iko kilomita 40 hivi kutoka baharini na ndiyo inayopokea kwanza pepo za Bahari ya Hindi. Amani hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Usambara Magharibi ni pana zaidi na ndefu zaidi kwenda juu, vilele vyake vikipita mita 2,200, lakini mvua yake haina usawa: mji wa Lushoto hupata kama milimita 1,000, ilhali nyika ya Mkomazi iliyo chini yake hupata nusu ya hizo au pungufu. Upande wa kaskazini, kuelekea Mlalo na bonde la Umba, ni mkavu kwa kuwa milima yenyewe imeukinga dhidi ya pepo za bahari. Kwa hiyo mtu anayetembea kwa miguu kutwa moja anaweza kutoka kwenye ukungu wa Shume, apite kwenye migomba ya katikati, na jioni alale Mombo akipepewa na upepo wa joto la nyika.

Kati ya vilima kuna mabonde membamba ambako maji hutulia na udongo ulioporomoshwa kutoka juu hujikusanya. Hayo huitwa vitivo. Vyuo vikuu vyetu vimelipa neno kitivo maana ya kitaaluma, lakini maana yake ya asili ni mahali penye rutuba, na katika Usambara neno bado lina uzito wake huo. Shamba la kitivo hulimwa mwaka mzima, kiangazi likinyweshwa kwa mifereji inayochepusha vijito. Familia yenye kipande cha kitivo ina akiba, na isiyo nacho hutazama mawingu. Anayetaka kuelewa tofauti ya tajiri na maskini ndani ya kijiji kimoja cha Lushoto aulize kwanza nani ana kitivo, ndipo aulize nani ana ekari ngapi.

Mguu mmoja juu, mguu mmoja chini

Wasambaa waliigawa dunia yao kwa maneno mawili: shambaai na nyika. Shambaai ni nchi ya juu, yenye baridi, migomba na dawa. Nyika ni nchi ya joto, ya wanyama wakali na homa, lakini pia ya mazao yanayokomaa upesi, ya nyama na ya malisho. Ingekuwa rahisi kudhani kwamba watu walijibana juu kwa kuiogopa nyika. Steven Feierman, katika kitabu chake The Shambaa Kingdom cha mwaka 1974, alionyesha kwamba mambo yalikuwa na mpangilio mwingine. Vijiji vingi vya zamani vilijipanga karibu na kingo za milima, mahali ambapo mtu angeweza kulima migomba karibu na nyumba yake na bado akateremka kulima nyikani, kisha akarudi kulala juu. Mvua ikikosekana chini, ndizi za juu zinaishikilia familia. Mlimani mahindi yanakawia kwa baridi, na ya nyikani yanakuwa yamekwishaliwa. Kuwa na vishamba vilivyotawanyika katika mwinuko tofauti, jambo ambalo mabwana shamba wa baadaye waliliona kuwa vurugu, ndiko kulikokuwa bima ya familia.

Hata hadithi ya kuanzishwa kwa ufalme inazungumza lugha hiyo. Katika Habari za Wakilindi, iliyoandikwa na Abdallah bin Hemedi, na katika masimulizi ya wazee, Mbegha ni mwindaji aliyetoka Nguu akipita nyikani, akawagawia watu wa milimani nyama, nao wakampa chakula cha shambani. Kwa mujibu wa masimulizi, mwisho wake alitawala kutoka Vugha. Tunaweza kujadili ni kiasi gani cha hadithi hiyo ni historia, lakini ujumbe wake wa kiuchumi uko wazi: mamlaka yalizaliwa pale bidhaa ya nyika ilipokutana na bidhaa ya mlima. Mtawala alipimwa kwa jambo hilohilo. Aliyeleta mvua na shibe alisemwa kuwa ameiponya nchi, kuzifya shi. Aliyeleta njaa na vita alisemwa kuwa ameiharibu, kubana shi.

Sipendi picha hii isomwe kama pepo iliyopotea. Baada ya kifo cha mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, mwanawe Semboja aliachana na baridi ya milimani akaweka makao Mazinde, palepale panapoonekana kutoka Irente, kwa sababu misafara ya biashara ya pwani ilipita huko. Bunduki na baruti zilitoka nyikani, na malipo yake yakawa pembe na watu. Kwa miongo kadhaa watu wa Usambara walikamatana na kuuzana. Kwa hiyo uhusiano wa mlima na nyika si jambo jema kwa asili yake. Unaweza kulisha na unaweza kula. Inategemea ni nani anayesimamia mlango wa kati, na faida yake inapanda au inashuka tu.

Jinsi mlango ulivyofungwa

Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, na kilichochochea ujenzi wake ni kahawa iliyotarajiwa kushuka kutoka Usambara. Ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910. Ukiifuata kwenye ramani utaona kwamba imezunguka milima kwa chini, ikaigusa kwenye vifundo tu. Kahawa ilipokufa, ardhi ya nyika kandokando ya reli ikawa ya mkonge, zao ambalo Richard Hindorf alilileta mwaka huohuo wa 1893. Kuanzia hapo nyika ambayo Msambaa aliiendea kulima mahindi na tumbaku ikawa shamba la kampuni lenye mipaka ya vigingi. Mguu wa chini ukakatwa.

Mguu wa juu nao haukupona. Misitu ya vileleni ikatangazwa kuwa hifadhi za serikali, na miti yake ikapata soko. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walijenga njia ya kamba za chuma kutoka Mkumbara, penye reli, hadi msituni kwenye uwanda wa Shume, ili kuteremsha magogo ya mwangati, mwerezi wa milimani ambao mbao zake zinafaa hata kwa penseli. Upande wa mashariki kulikuwa na reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi kwa kazi kama hiyo. Ni uhandisi wa kustaajabisha, na sishangai kwamba wazee wa Mkumbara wamekuwa wakiusimulia kwa fahari. Lakini angalia vyombo hivyo vilijengwa kubeba nini, na kwenda wapi. Juu mpaka chini hapakuwa na kitu kilichojengwa kwa ajili ya kupandisha.

Kilichopandishwa ni amri. Katika wilaya ya Wilhelmsthal, ndivyo Lushoto ilivyoitwa wakati huo, kila mwanaume alitakiwa kubeba kadi ya kazi na kulifanyia kazi shamba la Mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Mkulima aliyekuwa akigawa siku zake kati ya shambaai na nyika sasa aligawa siku zake kati ya shamba lake na la mwingine.

Waingereza walipokuja kuona makorongo kwenye mashamba ya Mlalo katika miaka ya 1940, ule mpaka wa mkonge ulikuwa umekwishasahaulika kama sababu. Mwaka 1951 sehemu kubwa ya nyika ya kaskazini ikawa Pori la Akiba la Mkomazi, ambalo leo ni hifadhi ya taifa. Watu walibanwa kati ya msitu uliofungwa juu na nyika iliyofungwa chini, huku wakiambiwa kwamba wao ni wengi mno. Tiba iliyoandikwa ilikuwa mpango wa Mlalo, ulioanza mwaka 1946, uliowalazimisha watu kuchimba matuta ya kukingama mteremkoni. Kwa mhandisi matuta yalikuwa sahihi. Kwa mwanamke aliyekuwa na jembe moja na vishamba vitano vilivyotawanyika yalikuwa adhabu: yalikula siku zake za kupanda na kufukua udongo wa chini usio na rutuba. Isitoshe, yalizua hofu kwamba shamba lililopimwa na kuchimbwa na serikali litakuwa la serikali. Upinzani ulienea Usambara nzima, TANU ikauchukua, na mwishoni mwa miaka ya 1950 amri zikaondolewa. Feierman, ambaye alirudi kwenye mada hii mwaka 1990, anaeleza kwamba wakulima waliujadili mpango huo kwa maneno yao ya zamani, wakiuliza kama serikali inaiponya nchi au inaiharibu.

Baada ya Uhuru hali ya hewa ya miradi ilibadilika. Mradi wa SECAP, uliofadhiliwa na Ujerumani kuanzia mwaka 1981, ulifanya kazi kwa hiari na ulileta majani ya malisho kwenye kontua, miche ya miti na ng'ombe wa zizini. Mengi yake yamebaki na yanastahili sifa. Hata hivyo swali lilikuwa lilelile: tufanyeje na mteremko? Nyika haikuwamo.

Karoti na njia moja ya kushukia

Mboga ndizo zilizoirudisha nyika mlangoni, kwa namna mpya. Mbegu za nchi za baridi zilijaribiwa Kwai na kwenye bustani za walowezi tangu mwishoni mwa karne ya 19, na leo kabichi, karoti, njegere, viazi mviringo, pilipili hoho, plamu na peasi za Lushoto zinajulikana Tanga, Arusha, na zaidi ya yote Dar es Salaam. Ni mafanikio ya wakulima wenyewe. Hakuna kampuni iliyowatafutia soko.

Tazama karoti inavyosafiri. Inang'olewa mchana, inabebwa kichwani hadi kijitoni, inakanyagwa na kusuguliwa kwenye maji mpaka ing'ae, kwa kuwa karoti yenye udongo haina bei. Jioni inajazwa kwenye gunia. Gunia likijaa, halifungwi: juu yake huongezwa kilemba cha karoti nyingine, zikapangwa kwa ustadi na kushonewa wavu wa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Kwa sheria ya vipimo gunia halipaswi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo amelisema jambo hili miaka nenda miaka rudi, lakini kwenye gulio kinachouzwa ni gunia, na gunia ni kadiri mnunuzi atakavyolishindilia. Usiku Fuso linateremka makona ya Soni kwa gia nzito, linaingia barabara kuu pale Mombo, na alfajiri liko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 300 kutoka shambani. Bei inajulikana hapo. Mkulima anaisikia kwa simu.

Ni kawaida kumlaumu dalali, na wapo madalali wanaostahili lawama. Nadhani hata hivyo lawama hiyo inatupotosha. Dalali amejaza pengo la taasisi ambazo hazipo: mizani ya umma kwenye gulio, ghala la baridi la kuhifadhi mboga siku tatu bei inapoanguka, na taarifa ya bei iliyo huru. Kabichi iliyokwishakatwa haina subira. Mwenye kuimiliki hana la kufanya ila kukubali bei ya leo, na anayejua hivyo ndiye anayepanga bei. Tena njia ni moja. Mvua kubwa zikiporomosha udongo kwenye barabara ya Mombo hadi Lushoto, kama ilivyotokea mara kadhaa, mavuno ya mlima mzima husimama yakioza. Wilaya inayolisha miji mikubwa imening'inia kwenye uzi wa kilomita 33.

Chai inatoa funzo la namna nyingine. Kiwanda cha Mponde, Bumbuli, kilifungwa mwaka 2013 baada ya mgogoro wa wakulima na mwekezaji. Majani ya chai hayawezi kusubiri. Yasiposindikwa ndani ya saa chache baada ya kuchumwa, ni takataka. Kwa hiyo kiwanda kilipofungwa wakulima walibaki na mashamba yaliyokuwa hai na yasiyo na kazi, na baadhi yao wakaiacha michai ikawa vichaka. Hapo hapakuwa na uhaba wa ardhi. Ardhi ilikuwepo, zao lilikuwepo, mikono ilikuwepo. Palikosekana hatua moja ya usindikaji iliyo juu ya mlima na chini ya mamlaka inayowajibika kwa watu wa mlima.

Derema kwa mara ya pili

Usambara Mashariki inahitaji kusimuliwa peke yake, maana huko dunia nzima ina maslahi. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya Walter von Saint Paul-Illaire aliokota huko ua dogo la zambarau ambalo lilibeba jina lake, Saintpaulia, na ambalo leo limo kwenye madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha Amani taasisi ya utafiti wa kilimo na baiolojia iliyosifika Afrika nzima. Msitu wa huko una mimea na viumbe wasiopatikana popote pengine, na kuuhifadhi ni wajibu ambao siujadili. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilitangazwa mwaka 1997.

Lakini msitu huohuo ulikuwa shamba. Wakulima walipanda iliki chini ya kivuli cha miti mikubwa, wakifyeka vichaka na kuacha majitu ya juu. Iliki ilikuwa karo, bati la nyumba na mahari. Kwa miaka kadhaa hustawi, kisha udongo huchoka na mkulima husogea mbele, na kila anaposogea miti michanga inayopaswa kurithi nafasi ya mikubwa imekwishafyekwa. Wanaikolojia walikuwa na haki ya kuogopa. Katika miaka ya 2000 ushoroba wa Derema, unaounganisha vipande vya msitu, ulifungwa kwa kilimo, na wakulima zaidi ya 1,000 wakalipwa fidia kwa mimea yao.

Fidia hiyo ilihesabu mashina ya iliki. Haikuweza kuhesabu nafasi ya kivuli, kwa sababu ardhi yenye kivuli na unyevu wa namna ile haikuwepo kwingine. Aliyelipwa alinunua bati au alilipia deni, na mwaka uliofuata hakuwa na iliki wala mahali pa kuipanda. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wa uhifadhi. Wanaihesabu Derema kama gharama iliyokwishalipwa. Mimi naiona kama deni lililoahirishwa: msitu ule unaendelea kutoa faida kila mwaka, na aliyeupisha alilipwa mara moja.

Maji, na ankara isiyopanda

Faida yenyewe ni ipi? Kubwa kuliko zote ni maji. Vijito vya Usambara Magharibi hukusanyika na kushuka Mombo kuingia mto Mkomazi, na Mkomazi huingia mto Pangani. Lwengera huingia Pangani karibu na Korogwe. Chini yake mto huo unazungusha mitambo ya Hale, yenye uwezo wa megawati 21, na ya Pangani mpya, yenye megawati 68. Upande wa mashariki mto Zigi unatoka Amani na kujaza bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, ambalo ndilo linaloinywesha Tanga. Nyika imegeuka jiji, viwanda na umeme, na vyote hivyo vinakunywa kutoka mlimani.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inamtaka mtumiaji mkubwa awe na kibali na alipe ada kwa bodi ya bonde. Kwa hiyo kanuni kwamba maji ya mtoni yana bei tunayo tayari. Kisichopo ni kanuni kwamba sehemu ya bei hiyo ipande. Mkulima wa ukingo wa kijito anaambiwa asilime ndani ya mita 60 za chanzo, na hilo ni sahihi kwa kijito. Lakini mara nyingi mita hizo 60 ndizo kitivo chake, na tumekwishaona kitivo kina maana gani. Anatakiwa kutoa akiba ya familia yake kwa ajili ya bomba la mtu asiyemjua, bure.

Jambo hili linawezekana kufanywa vingine, na halihitaji kubuniwa upya. Katika milima ya Uluguru, kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yaliandaa mpango ambao watumiaji wa maji ya mto Ruvu, wakiwemo DAWASCO wa Dar es Salaam, waliwalipa wakulima wa Kibungo Juu kwa kuchimba matuta, kupanda miti na kutunza kingo za mito. Matuta ni yaleyale yaliyokataliwa Mlalo. Kilichobadilika ni kwamba aliyeyachimba alilipwa na aliyenufaika nayo. Udhaifu wa mpango ule ulikuwa kutegemea wafadhili, na kwa sababu hiyo naamini malipo lazima yawekwe ndani ya ankara na mikataba ya maji yenyewe, yasiachwe kwenye bajeti ya mradi wenye tarehe ya kufa.

Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka kwa miaka 10. Ni hatua ya kujivunia, na inathibitisha mbele ya soko la hisa kwamba maji ya Zigi yanaweza kumlipa mtu aliye mbali nayo, mwaka baada ya mwaka, kwa mkataba. Ninachoiomba mamlaka hiyo, na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ni kifungu kimoja zaidi: asilimia ya mapato ya kila uniti ya maji iliyokwisha kulipiwa jijini Tanga iende kwa walioacha kulima kingo za mto ule, kila mwaka, kwa muda uleule wanaolipwa wenye hatifungani. Hakuna haja ya kutafuta wa kuzipokea fedha hizo. Wakulima wa bonde la Zigi wana umoja wao, UWAMAKIZI, na wanajulikana kijiji kwa kijiji.